Bakuli la Bi Kikue

Huku vichochoroni Osaka, mama huyu husafisha nyumba za waliofia ndani peke yao. Gari lake limeandikwa "Tunahamisha Mizigo", maana wenye nyumba hawataki majirani wapate la kusema. Mlangoni huvua kofia, hupiga hodi na kungoja kidogo. Akishaingia, humsuta marehemu kwa sufuria chafu kama mama mkwe.

"Mwache, amekufa huyo," mwenye nyumba wa leo alimwambia, pua kaiziba.

"Ndiyo maana hanijibu ovyo kama wewe."

Kitu kimoja asichokiweza ni kusema uongo. Akiulizwa mpangaji kahamia wapi, hujibu, "Mbali," basi.

Leo Bi Kikue wa mlango wa pili kamkabili ngazini. "Yule bwana kahama, hata kuaga hakuaga? Na bakuli langu la mchuzi wa figili analo."

Mama akainama mpaka kiunoni, akarudi ndani, akalisugua bakuli mpaka vidole vikakunjamana, akalileta limefungwa kwenye leso.

"Amesema mchuzi wako ulikuwa mtamu."

Bi Kikue akaligeuzageuza lile bakuli. "Miaka yote hiyo hakunitamkia neno," akasema, "leo ndiyo kapata ulimi."