Anayechemsha Tope Kiwalani

Saa mbili asubuhi, jua limeshakaa juu ya mabati ya Kiwalani, na Yuliana Komba anakoroga sufuria ya tope. Tope la mtaroni, jeusi, linatokota kwenye mkaa kama uji. Wapangaji wenzake wanapita na ndoo zao.

"Mama, chumvi umetia?" anauliza mmoja.

"Njoo uonje, baba."

Utani tu, lakini moyo hautulii. Jumamosi Mzee Nurdin, mjumbe wa shina, anakuja kuamua kama mapipa ya Yuliana yatabaki uani au yataondoka. Watu wamelalamika kwamba yatalipuka.

Ndani ya mapipa kuna maganda ya ndizi, wali uliolala, mapapai yaliyooza. Vikifungiwa bila hewa pamoja na tope lililochemshwa, vijidudu vilivyovumilia moto hula taka hizo na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka bila moshi. Tope bichi halifai. Lina vijidudu vingine vinavyoila gesi yenyewe.

"Kuchemsha ndiyo kuchuja," anasema. "Vinavyofaa havifi."

Ujuzi huu aliupata mtaa wa Wazo, alikokuwa kibarua wa kuchambua taka kwenye mradi wa majaribio ya gesi hiyo. Mradi ukafungwa. Akarudi kwenye kupika wali na maharage ya kuuza, biashara inayomwachia kama shilingi elfu saba kwa siku, mkaa ukishakula fungu lake. Na kifua kimeuchoka moshi.

Gesi ilikuwa ikitoka vizuri, kisha wiki iliyopita ikakata. Alikagua mipira ya kupitishia gesi, akakagua mifuniko. Kufungua pipa, akakuta majivu yanaelea. Jirani yake, Mama Asifiwe, hakuficha.

"Shoga, si lilikuwa linanuka? Mie nikatia majivu, kama tunavyotiaga chooni. Nilitaka kukusitiri, mjumbe asije akasikia harufu."

"Umenisitiri mpaka umeniua."

Majivu huua uchachu, na bila uchachu vijidudu vile havifanyi kazi. Ikabidi amwage vyote, aanze upya. Ndiyo maana ya sufuria ya leo.

Jumamosi, ua umejaa. Yuliana anafungulia mpira unaopeleka gesi kwenye jiko, uliopitishwa kwenye chupa ya maji ili moto usirudi nyuma. Anawasha kiberiti, anakisogeza kwenye jiko, anarudi nyuma. Juani pale, hakionekani kitu.

"Hamna moto hapo! Toa mapipa!" watu wanapiga kelele.

Yuliana anachomoa chelewa kwenye ufagio, anaipitisha juu ya jiko. Inashika moto. Mzee Nurdin anasogeza kiganja, anakirudisha upesi.

"Lahaula! Kumbe upo."

Yuliana anateleka birika la chai, na baada ya muda linachemka. Mzee analinyanyua, anachungulia chini yake. Hakuna masizi hata chembe.

"Yabaki," anasema. "Lakini yakae mbali na ukuta, na mtu asivute sigara huku nyuma."

"Na asitie majivu, Mzee," anadakia Mama Asifiwe. Ua mzima unacheka, naye akiwemo.

Ukweli ni kwamba gesi ilitosha birika moja tu, ikaisha. Maharage bado ni ya mkaa. Yuliana ameshaongea na wauza matunda wamwekee mabaki, na anatafuta pipa jingine.

"Chai si kitu," anasema akifunga mfuniko. "Siku maharage yataiva hapa, mkaa wangu wote nampa Mama Asifiwe. Akapate majivu yake."