Hodi Tatu za Bi Biubwa

Hamidu alikuwa mtu wa kujisifu kidogo, na wala hakuna aliyemnyima haki hiyo. Pale Mapinga alipopanga, ndiye peke yake aliyejua kuandika programu za tovuti, na alijifundisha mwenyewe, kwa kukodoa macho na kwa ubishi. Shule ya kabla ya hapo alisomeshwa na shangazi yake, Bi Biubwa, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne kwa mpunga wa jaruba moja tu huko bondeni. Jaruba hilo bibi alilima miaka ishirini na sita.

Ushirika wa wakulima ulipoamua kuyagawa upya majaruba, na maombi yapitie mtandaoni, kazi akapewa Hamidu. Katibu, Bwana Abdulwahab, alimpa sharti moja. Mgao uliopita wajanja walijiandikisha mara mbili mbili ili wapate majaruba mawili, kwa hiyo safari hii namba ya kitambulisho ikionekana zaidi ya mara moja, mwenyewe afutwe bila kuulizwa. Hamidu akaliandika sharti hilo kwa mistari miwili, akaona raha. Mkutanoni alisimama akawaambia wazee kwamba programu haina upendeleo wala haikosei. Wakampigia makofi.

Fomu aliijaribu mara nyingi. Alijaza, akabonyeza Tuma, akaona maneno "Asante, ombi lako limepokelewa", akafunga. Hakuwahi kukaa kwenye ukurasa ule wa shukrani akaurifreshi. Angefanya hivyo, angeona kwamba ukurasa ulikuwa bado umeishika fomu mkononi, na kila ukifunguliwa upya unaituma tena kwenye seva kama ombi jipya. Ni kosa la wanafunzi. Na alijua kosa la aina hiyo lipo, maskini, aliahirisha tu kuliangalia.

Orodha ilipobandikwa, watu sitini na mmoja walikuwa wamefutwa, karibu wote wazee. Bi Biubwa alikuwa mmoja wao. Hamidu alifungua kumbukumbu za seva. Namba ya shangazi yake iliingia saa nne na dakika kumi na mbili, ikaingia tena dakika ya kumi na tatu, na tena ya kumi na nne. Mara tatu, basi ni mjanja, afutwe.

Akachukua bodaboda hadi Bagamoyo mjini, dukani kwa Dimple, dada wa Kihindi anayetoa kopi na kuwajazia watu fomu. Dimple alikumbuka vizuri. Maneno ya asante yalipotokea alimwambia Bi Biubwa kwamba wamemaliza, lakini bibi hakuinuka. Alitaka kujua kama wenyewe wameitikia. Dimple akamjibu kwamba hiyo asante ndiyo kuitikia kwenyewe. Bibi akasema asante iliyoandikwa kabla mtu hajafika si jibu, na kwamba mlangoni kwa watu hupigi hodi moja ukanyamaza. Hodi ni tatu.

"Bonyeza tena, mwanangu," alisema.

Dimple akaurifreshi ukurasa, na kompyuta ikauliza kama kweli fomu itumwe tena. Dimple, aliyelelewa kutobishana na wakubwa, akakubali. Kisha akakubali tena. Wazee wengi walitaka hivyo hivyo, Dimple alimweleza Hamidu, na yeye aliona ni heshima yao tu.

Basi heshima ndiyo iliyowaponza. Hamidu alisimama pale kaunta akatamani ardhi impasukie.

Ofisini kwa ushirika, Bwana Abdulwahab alimsikiliza hadi mwisho, hilo lazima lisemwe. Kisha akamweleza kwamba orodha imepita mkutanoni, imegongwa muhuri, majaruba yamekabidhiwa, na la Bi Biubwa limeshaanza kulimwa na mwingine. Mgao ujao ni baada ya miaka kumi. Hamidu akamsihi, akasema wale watu hawana hatia, kosa ni lake yeye.

"Ni lako, ndiyo," alisema katibu. "Ila ulituambia haikosei, nasi tukatia saini kwa neno lako."

Akarudi Mapinga akairekebisha. Ilikuwa kazi ya nusu saa: seva ikishapokea fomu, impeleke mtu kwenye ukurasa mwingine, ambao hata akiurifreshi mara mia ataona asante ile ile na hakuna kitakachotumwa. Akajaribu mara tatu. Ombi likabaki moja. Ilifanya kazi barabara, na hapakuwa tena na mtu wa kuitumia.

Siku ya tatu akapata moyo wa kwenda kwa shangazi yake. Jembe na mundu vilikuwa vimeoshwa na kuegemezwa ukutani. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa mkekani na kueleza yote bila kuficha. Alitamani agombezwe. Bibi hakumgombeza. Hamidu akamwomba waende pamoja ofisini, labda wakimwona mwenyewe watamhurumia.

"Ya tatu nimeshapiga, baba," alisema Bi Biubwa. "Mtu asipoitikiwa hodi ya tatu, anaondoka."

Akaitazama mikono yake. Kisha akamgeukia mtoto aliyemlea.

"Kumbe nilipopiga hodi, mule ndani ulikuwamo wewe?"