Ini la ng'ombe wa Gaspari lilikuwa bado linangoja saa nane usiku

Alhamisi, Juni 12, 2025. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya Nyaishozi, upepo hakuna, na baridi inauma vidole. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Costansia Mbonimpa amesimama kwenye sakafu ya machinjio akisubiri ini.

Abdallah, mchinjaji wa hapa kwa miaka kumi na tisa, anamkabidhi likiwa bado linafuka mvuke.

"Mama Ini, pokea mzigo wako," anasema. "Wenzako wanalitaka na ndizi, wewe unalitaka na sukari. Mumeo anakula nini nyumbani?"

"Anakula maharage na anashukuru," anajibu Costansia.

Anafumba macho kidogo, midomo inacheza kwa sala. Kisha anakata vipande vyembamba kama ganda la kitunguu na kuvitumbukiza kwenye maji yenye chumvi na sukari, ndani ya kisanduku chenye joto la mwili. Humo vipande vitaishi siku mbili.

"Ng'ombe amekufa, nyama yake imeuzwa, watu wamekula na kulala," anasema, akigonga kisanduku kwa kidole. "Ini lake bado linafanya kazi humu. Mwanzoni niliogopa kubaki nalo chumba kimoja."

Costansia ana miaka 43. Alizaliwa Kanoni, katika familia iliyotoka Rwanda. Akiwa na miaka 22 alikuwa akiosha damu kwenye sakafu hii hii, elimu yake darasa la saba. Sekondari aliisoma jioni, mtoto mgongoni, na mtihani wa hesabu aliurudia mara tatu. Leo ni mtafiti wa biolojia ya molekuli, anasomea shahada ya uzamivu.

Anachokitafuta anakieleza kwa lugha ya nyumbani. Kila seli ya mwili ina jeni zilezile. Kinacholifanya ini liwe ini, na jicho liwe jicho, ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa.

"Na ini huwasha na kuzima kwa kufuata saa ya kula," anasema. "Halingoji chakula kifike. Likizoea kupata chakula saa fulani, jeni za kushughulikia sukari na mafuta zinawaka kabla ya saa hiyo. Hata kama chakula hakiji. Hata kama mwenye ini hayupo."

Anataka kujua kwa nini baadhi ya watu wanaokula saa zisizo na mpangilio hujaa mafuta kwenye ini. Kila baada ya saa tatu huchukua kipande na kukigandisha katika mtungi wa nitrojeni, kama ule wa wataalamu wanaopandisha ng'ombe kwa mrija. Maabara ya chuo husoma jeni zilizokuwa zimewaka.

Mpaka sasa ameshapima ng'ombe 31. Maini 30 yalikubaliana na saa ya kulishwa aliyoitaja mwenye ng'ombe. Moja lilikataa.

Lilikuwa la ng'ombe wa Gaspari Tuyizere, kibarua wa mashambani karibu na Kaisho, wilayani Kyerwa, aliyefariki mwezi Aprili kwa homa ya mapafu akiwa na miaka 58.

Watu walimwogopa Gaspari. Jirani yake, Leonidas, alikutana naye mara mbili katikati ya usiku akishuka bondeni bila taa, miguu imelowa, gunia begani. Mara ya pili walipishana karibu mno na gunia likamgusa. Lilikuwa linadondosha. Wiki hiyo ndama wa Leonidas alikufa, na neno mchawi likaanza kutembea kijijini.

Usiku wa pili wa matanga, ng'ombe wa marehemu alilia bondeni saa nane. Hakulia kama ng'ombe mwenye kiu. Alilia mara moja, kwa kirefu, kama anayeita mtu. Usiku wa tatu alilia tena, saa ileile. Waombolezaji waliolala nje walikusanya mikeka yao.

Siku ya nne mjane, Therese, aliamua achinjwe, akaitwa Abdallah. Kwa desturi ya ukoo huo, ini huchomwa kwanza kwa ajili ya waliochimba kaburi. Siku hiyo wachimba kaburi wote wanne walisema wameshiba.

"Lilikaa juu ya jani la mgomba, hakuna aliyeligusa," anakumbuka Abdallah. "Nikampigia simu Mama Ini. Nikamwambia, njoo, leo huna mshindani."

Kwenye fomu ya utafiti, Therese alisema ng'ombe alikuwa akilishwa saa tisa alasiri. Ndivyo mumewe alivyomwambia, na kwa siku zile nne shemeji zake walifuata saa hiyo.

Majibu yalipofika wiki iliyopita, Costansia alidhani chupa za sampuli zimechanganywa. Alirudia kupima. Jeni zilikuwa zimepanda karibu na saa nane usiku, siku ya kwanza na siku ya pili ndani ya kisanduku. Siku nne za kulishwa alasiri hazikutosha kulisahaulisha.

"Nilikaa chini," anasema. "Lile ini lilikuwa linamngoja Gaspari, na Gaspari tulikuwa tumeshamzika."

Majirani walishamwambia Therese ahame kabla ya mwisho wa Juni, la sivyo nyumba itachomwa. Leo mchana mwenyekiti wa kitongoji, Eustadia, ameitisha kikao, na Costansia ameombwa aseme alichokiona.

Bodaboda inamshusha saa nane mchana. Ukungu haujaondoka, sauti za watu zinasikika kabla ya nyuso. Wamekaa watu wapatao thelathini uani kwa Therese, mbali kidogo na mlango wake. Costansia anawaamkia wakubwa kwa shikamoo.

"Namwomba Mungu nisiseme zaidi ya ini lilivyosema," ananong'ona kabla ya kusimama.

Anasema machache. Ng'ombe alizoea kula saa nane usiku, si alasiri. Kilio cha matanga kilikuwa saa ya chakula chake.

Leonidas, mzee wa miaka sitini na kitu, anacheka bila furaha. "Kwa hiyo mchawi hawezi kulisha ng'ombe? Ini limekwambia alibeba nini kwenye gunia?"

"Hapana, Ta Leonidas," anajibu Costansia, akimwita kwa heshima ya huku. "Hilo halijui. Na mimi sijui."

Therese anatazama mikono yake. Kwa jibu hilo la kweli, nyumba yake inaweza kuwaka.

"Mimi ninajua," anasema Leonidas. Anatoa mfuko wa plastiki uliofungwa kamba mara tatu. "Koti nililovaa usiku ule gunia liliponigusa. Damu iko hapa. Sijaifua, sijaigusa."

Hakuna anayenyoosha mkono. Mwishowe Eustadia anaufungua mfuko, anakunjua koti na kuligeuzia kwenye mwanga. Begani kuna doa la rangi ya kahawia nzito. Analikwaruza kwa ukucha. Analinusa.

"Ta Leonidas," anasema polepole, "wewe umelima ndizi miaka mingapi?"

"Tangu nizaliwe."

"Na mkeo hajawahi kukugombeza kwa sababu ya shati lenye doa kama hili? Huu ni utomvu wa mgomba. Nguo za wanangu zote zinao."

Koti linapita mkono kwa mkono. Mmoja mmoja wanatikisa vichwa. Gaspari alikuwa amebeba vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, chakula cha ng'ombe, vikidondosha maji yake.

"Kwa nini usiku?" anauliza mtu.

Therese anajibu, na ni mara ya kwanza anaongea. "Alivuka mto Kagera akiwa mtoto, usiku, akikimbizwa. Tangu hapo hakuwahi kulala saa hizo. Niliwahi kumuuliza anakwenda wapi. Aliniambia, lala tu. Nadhani aliona aibu." Anamgeukia Leonidas. "Usiku ule mlipopishana, ulimsalimu?"

"Sikumsalimu."

Costansia bado ana kipande kimoja cha ini lile kwenye nitrojeni. Anamwambia Therese kwamba bado ng'ombe tisa kumaliza utafiti, na kwamba kazi ikiisha atakirudisha kizikwe kando ya Gaspari. Therese anaitikia kwa kichwa.

Leonidas anavua kofia. Anasimama karibu na mlango ambao hakuna aliyeukaribia tangu Aprili, na anasema kwa sauti ambayo hata walio ndani ya ukungu wanaisikia:

"Mimi Leonidas, mbele ya Mungu na mbele yenu nyote mlionisikia nikimchafua Gaspari, naahidi. Ma Therese hahami. Na kuanzia leo, yeyote nitakayepishana naye gizani nitamsalimu kwanza, niisikie sauti yake, ndipo niseme ni nani."