Nilisema "nimesikia", sasa jirani yangu anaitwa muuaji

Admin, nimekutumia sauti juu kuandika inanishinda. Nifiche kabisa, ploti yetu wote wanafuata hii page. Niko na miaka 49, naishi Uthiru, nafua na kupiga pasi kwa madam mmoja huko Jamhuri. Shule niliachia darasa la tatu, lakini mdomo sijawahi achia mahali.

Madam macho yamechoka, kwa hivyo vitabu anasikiza kwa simu. Kuna zile za daktari mwanamke wa kupasua maiti, anaangalia mfupa tu anajua nani aliua. Vinafuatana, saa hii tuko kitabu ya kumi na moja. Kizungu ikinipita, madam anasimamisha ananieleza. Wueh! Nilishachoma blausi yake juu ya kusikiza.

Sasa Jumapili tukifua kwa mfereji, wamama wananiambia, "Leta mambo!" Na mimi naleta. Lakini majina za wazungu zinanikwama kwa koo, so nawapatia za hapa. Daktari nikamwita Nekesa. Kuna muuaji mmoja mwenye bucha, aliua bibi yake, akashikwa na alama za msumeno kwa mfupa. Huyo nikampatia jina ya jirani yetu wa bucha, hapa tumwite Shem. Ilikuwa mzaha jamani! Hata yeye akipita tulikuwa tunacheka na yeye, bila yeye kujua ni jina yake tunatumia.

Shida ni vile mimi huanza. Siwezi sema nimesoma, si ni uwongo? Nasema "nimesikia". Mama Mutuku, mpangaji mpya, akatupata katikati, mimi nikisema: "Nimesikia Shem alikata bibi wa kwanza na msumeno ya nyama." Akabeba ndoo yake akaenda kuieneza ploti nzima. Na kweli bibi wa kwanza wa Shem alikufa, masikini, aliugua akazikwa kwao Bungoma, so watu wakaamini haraka.

Saa hii bucha ni nzi tu zinaingia. Mama Ivy, bibi wa sasa, amebeba mtoto akaenda kwa dadake Kinoo. Landlodi amemwambia Shem ahame mwisho wa mwezi.

Nilijaribu kurekebisha, walai. Nikaambia Mama Mutuku hiyo ilikuwa ya kitabu.

"Kitabu? Wewe na kusoma wapi na wapi?" Wamama wote wakaangua kicheko. Mama Mutuku akaongeza, "Kwani Shem amekutisha ndio umfunike?"

Nikaomba madam aniwekee hiyo kitabu kwa simu yangu, nikawachezea. Ni Kizungu tupu, na huko muuaji anaitwa jina ingine kabisa. Mama Mutuku akasema, "Si unaona? Huyu si Shem. Wetu ni mwingine." Nikazima simu nikarudi kwangu.

Jana Shem akakuja kwangu, mwanaume mzima analia kama mtoto. "Dada, hapa wewe ndio hujua kila kitu. Nani alianzisha hii maneno? Sitamfanya kitu. Nataka tu kumuuliza nilimkosea nini."

Nikamwambia, "Wacha nichunguze." Nichunguze nini na ni mimi? Akaniambia asante, ati mimi tu ndio bado namsalimia.

Sijalala. Leo nimemuona akifunga vitu kwa gunia. Nikimwambia ni mimi, nitamuangalia na macho gani? Nikinyamaza, anahama na hiyo jina ya muuaji, na Mama Ivy harudi. Wenzangu, mtukane mkitaka, lakini mniambie: naenda kubisha kwake saa hii, ama naanza na Mama Ivy huko Kinoo?