Glasi ya Tonton kwenye Meza ya Mkorea

Nimepita jikoni nyingi za Brussels, na sijadumu hata moja. Kwa Mkorea wa Ixelles nilikaa zaidi ya kawaida yangu kwa sababu kila siku palikuwa na kitu cha kuuliza. Shule niliiacha mapema, kwetu Bukavu, lakini kuuliza sijaacha. Kwa nini kabichi inachachushwa na pilipili? Kwa nini nyama inakatwa mezani kwa mkasi? Mwenye mgahawa, mzee mpole wa maneno machache, alinijibu yote kwa Kifaransa kibovu kama changu.

Mimi ndiye niliyempeleka tonton, yaani mjomba, pale kuosha vyombo. Hatuna undugu wa damu. Ni mtu wa kwetu aliyenipokea nilipofika mji huu, nami nikazoea kumwita hivyo. Wakati ule alikuwa amerudi nyumbani kwake Ganshoren baada ya kufukuzwa humo kwa sababu ya pombe. Mkewe, ambaye sote tunamwita maman, alimfungulia mlango kwa sharti moja: asinywe tena, hata tone. Watoto walikuwa wameanza kumzoea upya.

Jumatatu mgahawa hufungwa. Jumatatu moja, mchana, mzee akatualika mezani, kwa kuwa kwao bosi anayewajali watu wake huwalisha na kunywa nao. Tulikuwa wanne tu: mzee, mkewe aliyekuwa mpishi, tonton na mimi. Mvua ilikuwa inanyesha, na mke wa mzee akasema mvua inataka chapati za majani ya vitunguu. Akazikaanga mpaka kingo zikawa kavu kabisa. Kulikuwa pia na nyama ya tumbo la nguruwe iliyokaangwa pamoja na kabichi chachu. Pombe yao haiji peke yake, ina chakula chake, na chakula hicho wanakiita anju.

Pombe yenyewe ilikuwa soju, nyeupe kama maji, kwenye glasi ndogo. Hakuna anayejimiminia. Unammiminia mwenzako, naye anakumiminia wewe, na aliye mdogo hupokea kwa mikono miwili na kugeuza uso pembeni anapokunywa. Glasi tupu haiachwi hivyo, jirani yako ataijaza. Iliyojaa haiguswi na mtu. Haya yote nilikuwa nimeyajua kwa kuuliza.

Mzee alianza na tonton.

"Huyu hanywi," nilimwambia.

Mzee akacheka, akamimina.

Tonton akaniinamia. "Bosi mwenyewe ananimiminia, mimi muosha sahani. Nimukatalie namna gani?"

"Gusa na midomo tu, tonton, kisha uweke chini."

Akaimeza yote kwa mara moja, kama dawa, akainyanyua ile glasi tupu ili mzee aone kwamba hakudharauliwa. Kwetu ukimaliza ulichopewa na mkubwa umeshukuru, na mambo yameisha. Mzee akafurahi, akajaza tena.

"Si nimemaliza?" tonton akanong'ona.

"Ndiyo maana amejaza. Kwao ikiwa tupu ni kama unaomba. Uiache imejaa, hakuna atakayekusumbua."

"Niiache imejaa," akarudia, akiitazama.

Hapo ndipo nilipoelewa tulipoingia. Mezani pale njia ya kukataa bila kumvunjia mzee heshima ilikuwa kukaa mbele ya glasi iliyojaa. Tonton alikuwa amejifunza kuishi bila glasi, na hilo lilimchukua muda na machozi mengi. Hili lingine hakuliweza. Niliisogeza ile glasi nyuma ya sahani ya chapati, mkono wake ukaifuata. Mke wa mzee alimwongezea nyama, maana anayekunywa lazima ale. Chapati zilipokwisha, tonton alikuwa anamsimulia mzee habari za ziwa letu kwa Kiswahili, mzee anamjibu kwa Kikorea, na wote wawili wanacheka. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile. Mpaka leo hilo ndilo linalonikosesha raha.

Tulipanda metro kituo cha Porte de Namur, tukafika Ganshoren bado kuna mwanga. Maman alifungua mlango, akasimama palepale.

"Maman, ni desturi ya kwao," nikasema. "Kukatalia muntu mukubwa ni matusi."

"Na wewe ulikunywa?"

"Nusu glasi."

"Bon. Kumbe desturi yao inaruhusu nusu." Hakumtazama mumewe. "Akalale kwako. Watoto nitawaambia iko kazini."

Alilala kwangu siku kadhaa, chini kwenye godoro. Maman alimrudisha kwa sharti la pili, kwamba asikanyage tena kwa Mkorea. Sasa hakuwa na kazi.

Mzee aliniuliza kwa nini tonton haji. Nikamwambia ukweli wote. Alikuwa anafuta meza, akaendelea kuifuta mahali palepale.

"Kwetu mtu mwenye adabu hukataa kwanza," akasema mwishowe. "Nilidhani ni adabu."

Kesho yake alinipa mfuko wa samaki mkavu aliyechanwa nyuzi nyuzi, nimpelekee mke wa tonton pamoja na msamaha wake. Samaki huyo mgahawani huagizwa na wanywaji, ni anju ya soju. Nilijua, na kila aliyewahi kuosha sahani zake alijua.

Maman alifungua mfuko mezani kwake, akanusa, akaonja kidogo.

"Ni muzuri. Wanakulaka hii na nini?"

Tonton alikuwa ameinama nyuma yake, akimfunga mtoto kamba za viatu. Mikono yake ikasimama.

"Na wali, maman," nikasema.

Akageuka akamtazama mumewe, kwa muda mrefu, kisha akakunja mdomo wa mfuko.

"Basi nitapika wali."