Kishingo wa Shangazi

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto hunirudisha Lyamkena, Makambako, jikoni kwa mama, upepo wa Juni ukigongagonga bati.

Msimu huo shangazi Tumaini, dada mkubwa wa baba, alirudi kwetu kutoka tambarare ya Usangu baada ya kufiwa na mumewe. Alibeba begi moja na tenga lenye tetea asiye na unyoya hata mmoja shingoni.

"Wifi, huyu ana ugonjwa gani?" mama aliuliza.

"Mzima kabisa. Ni kishingo. Kule kwetu jua ni kali, hiyo shingo tupu ndiyo inayompoza."

Huku kwetu kwenye baridi haikumpoza, ilimtesa. Alizunguka jikoni kutwa, mara nyuma ya kuni, mara kwenye majivu ya moto, hatulii. Nikamkatia mkono wa sweta langu la zamani, nikamvisha. Majirani walikuja kumtazama, wakacheka mpaka wakakaa chini. Jioni jogoo wetu alikuwa ameudonoa mkono ule wa sweta mpaka ukabaki nyuzi.

Shangazi naye hakutulia. Kila mara alianza kumenya viazi, akaviacha, akatoka na blanketi mabegani kutazama barabara ya Mbeya, ile ya kwenda Usangu, kisha akarudi kuota moto.

Tetea alitaga, akaatamia, na vifaranga walipoanguliwa, wengi walikuwa na shingo tupu. Niliudhika. Baba yao alikuwa jogoo wetu mwenye manyoya tele, na wao walizaliwa kwenye baridi.

"Mbona hawajabadilika, shangazi?"

"Damu haijui kama imehama, Rehema."

Asubuhi moja ya umande ulioganda tulimkuta tetea amekakamaa kando ya majivu. Shangazi alimshika muda mrefu. Kisha akamwambia baba kwamba anarudi Usangu.

"Nani atakutunza huko, dada?"

"Hapa mnanitunza vizuri. Ila sina raha, mdogo wangu."

Aliondoka na vifaranga, na mimi nilikataa kumuaga. Niliona ametukimbia.

Nilikuwa mtu mzima nilipomtembelea. Ilikuwa saa saba mchana, jua linachoma. Kuku wa kawaida walikuwa wamejibanza kivulini, mabawa wameyaachia, wanahema midomo wazi. Vishingo walikuwa uani wanachakura kana kwamba ni asubuhi. Shuleni nilishasoma kwamba shingo ile ni jeni, na mzazi mmoja tu akiwa nayo inatosha kuirithisha. Lakini nilikuwa nimeisoma kama swali la mtihani.

Shangazi alitoka pekupeku, khanga kiunoni, anaimba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu. Miaka yote nilidhani hakutupenda vya kutosha kubaki. Nikavua sweta nililotoka nalo nyumbani, nikamfuata jikoni.