Ukimwamsha, Mlishe

Kuna asubuhi moja ya Januari ambayo hainitoki kichwani, mwanangu. Nilikuwa msichana, mgeni hapa Dubai, nikifanya kazi za nyumbani kwa madam mmoja. Mama yake, Bi Zuwena, alikuwa mzaliwa wa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko hiki changu cha Mombasa.

Nilikuwa nafagia majani uani nikamkuta kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba mifupi, amejikunja kama mpira. Baridi tupu, hatikisiki. Huruma ikanishika. Nikamfunga taulo, nikamweka karibu na hita. Baadaye akafumbua macho, akaanza kutembea akiyumba. Nilifurahi kama niliyefufua maiti! Nikamwita Bi Zuwena aje aone.

Akaja na mkongojo wake, wala hakucheka.

"Nani kamwamsha?"

"Mimi, Bibi. Alikuwa anakufa."

"Hafi huyu, kalala. Baridi hii wadudu hawapo, atakula nini? Ndiyo maana hujificha shimoni au chini ya majani, moyo ukapiga polepole, akaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini wakati wa joto. Hata popo wa milimani hujibanza mapangoni vivyo hivyo. Sasa wewe umemmalizia akiba yake."

Nikauliza kama nimrudishe.

"Umrudishe hana kitu tumboni? Khalas, basi tena, mwanangu. Umemwamsha, mlishe."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kila jioni nikimaliza vyombo nilimpondea yai, nikamkatia vipande vya kuku. Usiku alikwaruza boksi nililomweka, usingizi sipati. Kuna siku alikataa kula, nikakaa sakafuni nikilia, maana nilijua akifa nimemuua mimi, na kwa wema wangu. Madam alilalamikia harufu. Mama yake ndiye aliyemtuliza. Joto liliporudi na mende wakaanza kutambaa uani, nikamfungulia. Akaenda zake, hata kugeuka hakugeuka. Na mimi sikumlaumu.

Jana, humu katika chumba tunachopanga pamoja mtaani Naif, nimekusikia ukimwambia mdogo wako kwenye simu aache cherehani yake Likoni aje huku, eti kazi zipo. Kazi zipi, mwanangu? Wewe mwenyewe kitanda mnapokezana na mwenzio wa zamu ya usiku.

Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Mtu aliyetulia kwao na riziki yake ndogo hajafa. Pengine anajua asichokijua anayemhurumia. Kwa hiyo muulize kwanza anaishije, umsikilize. Ukiona lazima aje, basi andaa chakula chake na pa kulala kabla hajapanda ndege, na uwe tayari kumbeba mpaka asimame.

Mola akupe moyo wa huruma na akili ya kuuongoza. Akufungulie wewe huku, amfungulie mdogo wako kule, na awakutanishe mkiwa mmeshiba nyote wawili. Amin.